Kurisiti Hesabu ya kidato cha nne: tuisheni, mwalimu wa nyumbani au msuli wa peke yangu?

MamaPindo:
Wakuu, habari za jioni. Nilimaliza kidato cha nne 2016, Hesabu nikapiga F. Chuo ninachokitaka kinadai angalau D, hivyo nimejisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea na Novemba natinga ukumbini kwa somo hilo moja tu. Niko Morogoro, nashona nguo, na mtoto halali kabla ya saa tatu usiku.

Nina njia tatu mezani. Kuna tuisheni karibu na stendi, elfu 30 kwa mwezi, saa kumi hadi kumi na mbili jioni, darasa la watu kama sitini. Kuna kijana aliyemaliza ualimu anasubiri ajira, anakuja nyumbani kwa elfu 5 kwa kipindi. Na kuna mimi mwenyewe, kitabu na simu. Mliowahi kurisiti nilinganishieni. Za "ulikuwa wapi siku zote" nimeshazisikia nyumbani, msijisumbue.

ChakiNyeupe:
Hongera kwa kujisajili mapema, wengi hukumbuka dirisha likishafungwa.

Kabla ya kuchagua njia, ujue unachokwenda kupambana nacho. Karatasi ni saa 3, maswali 14, na yote unatakiwa kuyafanya. Sehemu A ina maswali 10 ya alama 6, sehemu B maswali 4 ya alama 10. D inaanzia 30, C inaanzia 45. Mwanafunzi wa shule anaingia na alama zake za maendeleo zenye uzito wa asilimia 30. Wewe wa namba ya P, yaani mtahiniwa wa kujitegemea, huna hizo, kila alama utaitafuta ndani ya zile saa tatu.

Kwa hiyo tuisheni ya watu sitini siipendi kwako. Si kwamba walimu ni wabaya, mimi mwenyewe nimefundisha madarasa ya aina hiyo. Ila mwendo ni wa darasa. Ukikwama kwenye logi (logarithimu) Jumanne, Jumatano wao wako kwenye seti, na mwalimu hana namna ya kujua kuwa mama wa kiti cha nyuma aliachwa.

Risiti_Mara2:
Mimi nilienda peke yangu mara ya kwanza. Nikasoma miezi sita, maswali napata, najiona profesa. Kumbe kila nikifika kwenye kuzidisha namba mbaya natoa simu nabonyeza. Siku ya mtihani nikasoma maelekezo kwenye jalada: vikokotoo haviruhusiwi, tumia majedwali ya hesabu ya Baraza la Mitihani. Maelekezo yale yale nilikuwa nayaruka miezi sita kwenye mitihani iliyopita! Kugawanya kwa mkono kukanila saa nzima. F nyingine.

Mara ya pili nilifanya peke yangu tena, ila simu naifungia kabatini. Nikapata C. Kwa hiyo njia ni ile ile, tofauti ni kabati.

Mkwajuni:
Mie nipo Unguja, na huku kidato cha nne tunafanya mtihani huo huo wa Baraza. Nitamtetea mwenye tuisheni kidogo. Mwenzangu hapo juu ana nidhamu ya kujifungia simu, si kila mtu anayo. Mimi nikisoma nyumbani, mara jirani kaja, mara umeme umekatika, mara nimesinzia juu ya daftari. Tuisheni ilinitoa nyumbani kwa lazima, na nilipokuwa sifahamu suali, wa pembeni yangu ananielewesha kwa lugha ya kitoto kuliko mwalimu wa skuli. Nililipa, nikafaulu.

ChakiNyeupe:
Mkwajuni nakubali, ila wewe ulikuwa na jioni. Saa kumi mpaka kumi na mbili ndiyo saa wateja wa MamaPindo wanatoka kazini kuja kupima. Hiyo elfu 30 si elfu 30, ongeza na nguo atakazozikosa.

MamaPindo:
Umenisoma, ticha. Na mwisho wa mwezi ndiyo kabisa, siwezi kufunga saa kumi.

Nikiri jambo jingine. Jana nimechukua mtihani uliopita nikajaribu. Yale ya faida, hasara na uwiano nimepata bila shida, hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku. Yaliyonishinda ni ya logi, na yale maswali marefu ya maneno. Kiingereza chake kinanichanganya kabla hata hesabu haijaanza.

Risiti_Mara2:
Kiingereza hicho ni kidogo sana ukikiorodhesha. Nilikuwa na ukurasa mmoja wa maneno nyuma ya daftari: "at most" ni isiyozidi, "at least" ni isiyopungua, "difference" ni tofauti, "consecutive" ni mfululizo, "sum of" ni jumla ya. Hayafiki arobaini, yanarudi kila mwaka. Ile mada ya kuchora mistari kutafuta faida kubwa ya mfanyabiashara, ukichanganya "at most" na "at least" unatia kivuli upande usio sahihi wa grafu na alama zinakwenda.

ChakiNyeupe:
Logi tuitatue hapa hapa. Chukua 0.0347 × 58.2. Kwenye jedwali, 347 inakupa 5403, na kwa kuwa namba ni 0.0347 mbele yake unaandika 2 yenye kistari juu. 582 inakupa 7649, mbele yake 1. Jumlisha desimali kwanza: 0.5403 na 0.7649 ni 1.3052. Ile 1 unaibeba. Sasa mbele: hasi 2, jumlisha 1, jumlisha 1 uliyobeba, unapata 0. Kwa hiyo 0.3052, rudi jedwali la antilogi, 2.019.

Wengi huanguka kwenye kile kistari. Wanadhani namba nzima ni hasi, kumbe hasi ni ile 2 peke yake, desimali inabaki chanya. Fanya kumi za hivi usiku wa leo, kesho njoo ulalamike.

Na andika hatua zote. Msahihishaji anatoa alama kwa njia, hata jibu la mwisho likipotea.

KijanaWaKihonda:
Mimi ni wa aina ya huyo kijana anayesubiri ajira, nafundisha nyumba kwa nyumba. Nitasema kinyume na mfuko wangu: usiniite kila siku. Wanafunzi wanaonilipa vipindi vinne kwa wiki wananikalisha niwafanyie maswali huku wao wanaangalia. Wanaoniita Jumamosi tu, wakiwa na maswali manane waliyokwama nayo, ndio wanaosogea.

Mitihani iliyopita ipo bure kwenye tovuti ya Baraza, pamoja na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zile zinazoonyesha swali kwa swali watu walikosea wapi. Vitabu vya kiada vinasomeka kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu. Hayo usimlipe mtu akuletee.

Mkwajuni:
Hapo nimeshindwa, nakubali yaishe. Ila umeme ukikatika msije kunililia.

MamaPindo:
Basi hesabu yangu iko hivi. Kijana mmoja, Jumamosi asubuhi, elfu 20 kwa mwezi. Siku nne za wiki ni mimi, saa tatu na nusu usiku mpaka saa tano, simu kwa mama mkwe chumba cha pili. Naanza na uwiano na faida kwa kuwa naziweza, kisha logi, takwimu, matriksi. Ticha, nikilenga 30 tu ni vibaya?

ChakiNyeupe:
Lenga 50. Woga wa ukumbini na kosa la kujumlisha vitakula kumi au kumi na tano, bado utakuwa salama. Ukilenga 30 vitakula hizo hizo.

MamaPindo:
Sawa. Nimefanya logi kumi ulizosema, saba sahihi. Tatu zote ni kistari.

Jamani, majedwali yangu ni ya marehemu kaka na ukurasa wa antilogi umechanika kuanzia .70. Kuna aliye Moro mwenye ya ziada?

KijanaWaKihonda:
Ninayo mawili. Kesho napita stendi, niambie fremu yako iko upande gani.