Amenichomolea pini mbele ya jimu nzima. Nanunua vyuma vyangu, atanisikia kwenye bomba

Binti Subira

Wakuu, sijavua hata viatu. Jasho bado linatiririka, taulo liko shingoni, nimekaa ukingoni mwa kitanda naandika kwa dole gumba moja kwa sababu lile jingine linatetemeka kwa hasira.

Yule mtu mnamjua. Simtaji, sina haja ya kumtaja. Yule anayetembea kama kabana mitungi miwili kwapani, fulana imemkaba mpaka inaomba msaada. Ukiingia jimu usipomwona utamsikia.

Amenichomolea pini.

Nina miezi miwili napiga hesabu: ninunue vifaa niweke nyumbani, au nijiunge na jimu. Nimesoma, nimeuliza, chumba nimekipima kwa futi kamba kona zote nne. Shirika la Afya Duniani, mwongozo wa 2020, linasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Hizo 150 ukizigawa ni nusu saa kwa siku tano. Nikasema hizo za miguu nitazimaliza mwenyewe, sihitaji mtu. Ila misuli ina mashine zake, na mashine ziko jimu. Wanatoa siku moja ya majaribio, nikaenda. Kwa adabu zote nikaenda! Taulo langu, chupa yangu ya maji, nimesalimia mpaka kuta.

Nikakaa kwenye ile mashine ya mgongo, ya kuvuta baa kutoka juu mpaka kifuani. Vyuma vyake vimepangwa kama matofali, unachomeka pini kwenye uzito unaoutaka. Nikachomeka kilo 25. Seti ya kwanza, marudio kumi, safi kabisa. Nikainama ninywe maji nianze ya pili. Nainua kichwa, jamaa kasimama pale. Hajasalimia. Hajauliza. Kachomoa pini yangu, kaipandisha mpaka juu kabisa kwenye kilo 5, halafu kwa ile sauti yake ya kuita mifugo akasema, "Dada, kwani nyumbani hakuna ndoo? Kaanze na ndoo."

Jimu nzima ikacheka. Aliyekuwa kwenye mashine ya kukimbilia ikabidi ashike vyuma vya pembeni asianguke. Kuna mmoja alikuwa kalala kwenye benchi na baa iko kifuani kwake, na yeye akacheka, na baa iko kifuani!

Pini yangu. Niliyoichomeka kwa mkono wangu huu.

Ndoo!

Basi nimeamua. Nanunua dambeli, nanunua benchi, nanunua mashine ya kukimbilia, ikibidi kitanda kitoke nilale juu ya benchi. Chumbani kwangu hakuna atakayechomoa pini. Nishaurini nianze na kipi, lakini kabla ya hapo niambieni kitu kimoja: mtu mzima na akili zake anachomoaje pini ya mtu?

Nyundo Baridi

Kumbe bado yupo! Dada pole sana. Mimi alinikuta nimechuchumaa, nafanya skwati zangu kimya kimya, akaniuliza kwa sauti hiyo hiyo kama nimedondosha hela anisaidie kutafuta. Huu mwaka wa pili sijakanyaga pale.

Alfajiri Mapema

Kilo 25 na uzi mrefu hivi? Ungebeba 50 si ungetuandikia kitabu. Halafu unajiita Binti Subira, na subira imeishia seti ya kwanza.

Binti Subira

Wewe hujachomolewa pini. Siku ukichomolewa uje hapa tuhesabu mistari yako.

Spana Mkononi

Mimi natengeneza hizo mashine. Maelezo yako yana kasoro. Pini ikiwa imebeba mzigo inabanwa, haichomoki kirahisi. Kama ulikuwa unavuta, asingeweza kuichomoa.

Binti Subira

NILIKUWA NAKUNYWA MAJI. Nimeandika. Vyuma vimetulia chini, mimi nimeinama na chupa mdomoni, ndipo akachomoa. Yaani hata mazoezi hakunikatiza, kanikatiza maji!

Spana Mkononi

Sawa. Hapo inachomoka.

Kalamu na Daftari

Ngojeni kwanza. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20, bado hujapima ndoo yenyewe. Yeye kakuwekea kilo 5, halafu anakwambia ukaanze na ndoo? Ndoo ni mara nne ya alichokuwekea! Huyo mtu kazi yake ni kuhesabu kilo kutwa nzima, na hajui ndoo ina kilo ngapi.

Binti Subira

MUNGU AKUBARIKI WEWE. Mbona hili sikulifikiria nikiwa pale pale? Ningemjibu mbele ya watu wake wote. Kilo 20! Narudi kesho kumwambia.

Alfajiri Mapema

Usirudi. Siku ya majaribio ni moja, utalipia kwenda kumfundisha mtu kujumlisha.

Mama Kishindo

Naomba nipingane nanyi. Yule kaka mimi kanisaidia sana. Mgongo ulikuwa unaniuma mpaka siwezi kuinama kufunga kamba za viatu, sasa nabeba kilo 60 kutoka sakafuni. Mashine hiyo ukiweka uzito uliokuzidi unaanza kujirusha nyuma, unavuta kwa kiuno badala ya mgongo, na mabega yanapanda mpaka masikioni. Labda aliona hivyo dada, akataka uanze upya na mkao mzuri.

Binti Subira

Mama, mdomo si anao? Angesema "dada, mabega yanapanda". Maneno matatu. Ningemshukuru. Yeye kaona mabega yangu akaenda kwenye pini yangu!

Nyundo Baridi

Na ndoo je, Mama Kishindo? Ndoo inarekebisha mabega?

Mama Kishindo

Ndoo hapana, hapo kakosea.

Kalamu na Daftari

Turudi kwenye swali la kununua au kujiunga. Wachumi wawili, DellaVigna na Malmendier, walichapisha utafiti mwaka 2006 kuhusu wanachama wa jimu huko Marekani. Waliokuwa wanalipa kwa mwezi walihudhuria wastani wa mara 4.3 kwa mwezi. Asilimia 80 yao wangetumia pesa kidogo zaidi kama wangelipa kwa kila siku wanayokwenda. Watu wanalipia ile picha waliyonayo kichwani ya mtu watakayekuwa. Kwa hiyo dada, usikimbilie mkataba wa mwaka kokote. Lipia siku moja moja kwa miezi miwili, hesabu umekwenda mara ngapi, ndipo uamue.

Binti Subira

Ushauri mzuri, lakini kila siku nitakayolipia atakuwa amesimama pale na mikono yake.

Shati la Nne

Ninyi mnaosema nunua mashine ya kukimbilia, njooni mwone yangu. Nilinunua kwa ajili ya moyo wangu, daktari kaniambia nitembee. Leo ina mashati manne, suruali mbili na blanketi. Hakuna hata moja langu! Watu wa nyumba hii wakifua, kamba ya nje wanaiona mbali. Nikitaka kukimbia naanza kwanza kukunja nguo za watu robo saa. Nimewaambia, nimewaandikia karatasi nikaibandika kwenye skrini, wameanika soksi juu ya karatasi. Huyo wako alichomoa pini mara moja. Mimi naanikiwa kila siku ya Mungu.

Nyundo Baridi

Soksi juu ya karatasi! Hawa hawafai.

Spana Mkononi

Na nguo mbichi juu ya mashine ya umeme ni hatari, waambie. Maji yakiingia kwenye mota umepoteza mashine. Mnaonunua hizi, nyuma yake acheni nafasi tupu ya mita mbili hivi. Nimeona nyumba wameisukuma mpaka ukutani. Ukiteleza mkanda unakubana kwenye ukuta. Na mkanda unapakwa mafuta yake ya silikoni kila baada ya muda, si mafuta yoyote unayoyaona nyumbani.

Chini ya Dari

Afadhali mada hii imekuja. Ninyi wa vifaa vya nyumbani mnajua kuna watu wanaishi chini yenu? Juu yangu kuna mtu anaruka kamba usiku. USIKU. Halafu akimaliza anaachia dambeli zidondoke, hazilazi, anaziachia. Taa yangu inacheza. Juzi chokaa imeniangukia kwenye kitabu. Dada nakuomba, lipa ada ya jimu, chomolewa pini, ila usinunue vyuma.

Binti Subira

"Chomolewa pini"? Yaani unaniambia nichomolewe pini ili wewe ulale?

Chini ya Dari

Ndiyo. Wewe umechekwa dakika moja. Mimi miezi saba sijalala.

Kitako Imara

Hakuna anayesema ukweli hapa. Tatizo la jimu si huyo wa pini, ni wanaokaa kwenye benchi na simu. Mtu kamaliza seti yake, anatazama video, anacheka peke yake, mimi nimesimama kama mlinzi. Ukimuuliza, "bado seti moja". Seti gani ya nusu saa? Na akiondoka kaacha bwawa la jasho lenye umbo la mgongo wake.

Alfajiri Mapema

Jasho ni la kawaida, umeenda jimu kufuata nini, marashi?

Kitako Imara

Jasho langu ni la kawaida. La mtu mwingine ni uchafu. Futa!

Nyundo Baridi

Futa! Naunga mkono.

Binti Subira

Jamani naomba tusitoke kwenye mada. Alichomoa PINI. Hakuuliza.

Darasa la Chuma

Dada, kama kweli unanunua, sikiliza. Mashine ya kukimbilia iache, kukimbia ni bure. Chukua dambeli za kubadilisha uzito, benchi linaloinuka mgongo, mikanda ya mpira ya kuvutia, na ile baa ya mlangoni. Mgongo utaufanyia kazi hapo hapo: funga mkanda juu ya mlango, vuta. Ukija kununua baa ndefu ujue ile ya kawaida ya mashindano ya wanaume ni kilo 20 ikiwa tupu, ya wanawake 15. Na muhimu kuliko yote: ukilala kwenye benchi peke yako nyumbani bila mtu wa kukushikia wala vyuma vya kukinga baa, USIFUNGE vibanio vya mwisho wa baa. Ikikushinda, unainamisha upande mmoja, vyuma vinateleza chini, unapona. Ukivifunga, baa inakaa kifuani na hakuna wa kukusikia.

Chini ya Dari

"Vyuma vinateleza chini." Chini wapi? CHINI WAPI? Chini ndiko niliko mimi!

Darasa la Chuma

Aweke mkeka mnene wa mpira.

Chini ya Dari

Wangu anao mkeka. Nimeuona mlango ukiwa wazi. Ameuweka chini ya televisheni.

Kalamu na Daftari

Kuhusu mashine ya kukimbilia, mnajua babu yake alikuwa jela? Mwaka 1818 mhandisi wa Uingereza, William Cubitt, alibuni gurudumu kubwa lenye ngazi, wafungwa wanalipanda kwa saa nyingi na halifiki popote. Baadhi ya jela lilisaga nafaka au kuvuta maji, kwingine lilizunguka bure, adhabu tupu. Waingereza wenyewe wakaja kuliondoa kwa sheria ya 1898.

Nyundo Baridi

Kwa hiyo yule jamaa ni askari jela! Nilijua. Ile sauti si ya raia.

Binti Subira

Askari jela kabisa. Na pini yangu kaichukua kama kielelezo.

Shati la Nne

Wangu wa nyumbani wamegeuza adhabu ya Mwingereza kuwa kamba ya nguo. Sasa hivi nimetoka kuangalia: shuka. Shuka la vitanda vikubwa, limeloa, linadondosha maji kwenye mota. Spana, inapona hiyo?

Spana Mkononi

Chomoa waya ukutani sasa hivi. Usiiwashe. Fungua kifuniko cha mbele ikauke siku mbili, usiikaushe kwa moto.

Alfajiri Mapema

Chomoa, dada wa pini asisikie.

Kitako Imara

Bado hamjanijibu kuhusu bwawa la jasho.

Mama Kishindo

Taulo mbili mwanangu. Moja ya kujifuta, moja ya kulalia. Yule kaka ndiye aliyenifundisha.

Chini ya Dari

Ameanza. Saa tano na robo usiku, kamba. Naisikia ikipiga sakafu, tap tap tap. Hapo bado dambeli.

Nyundo Baridi

Panda ukagonge mlango, mkuu.

Shati la Nne

Gonga. Mimi mwenyewe nakwenda kurusha shuka la watu nje sasa hivi.

Chini ya Dari

Imedondoka ya kwanza. Taa inacheza. Nimevaa ndala, napanda.

Alfajiri Mapema

Tunasubiri mrejesho.