MJADALA: Kampuni ya hoteli ikipokea wiki yako ya zamani ya taimushea ukinunua mpya, anayefaidika ni nani?

Kamwene wadau wa Nyanda za Juu Kusini.

Naleta hoja hii kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kifamilia. Shemeji yangu, mzaliwa wa Rungwe anayeishi Florida, ana umiliki wa zamu kwenye hoteli moja ya Orlando, ule wanaouita taimushea. Kampuni imemwandikia kwamba iko tayari kuipokea wiki yake ya zamani iwe sehemu ya malipo ya kifurushi kipya. Dada kanitumia barua nzima na kuniomba ushauri. Sababu ya pili ni ya kwetu hapa. Kazi yangu ni kupeleka wageni Ruaha, na siku hizi nawasikia wenye viwanja karibu na hifadhi, na wengine kule Matema, wakisema wauze wiki kwa Watanzania ili wapate mtaji wa kujengea. Tusidhani basi kwamba haya ni mambo ya Wamarekani peke yao.

Kwa asiyeujua mfumo: hununui nyumba, unanunua haki ya kulala wiki moja kila mwaka. Chumba kimoja kinaweza kuwa na wenye zamu karibu 50. Ulianzia Ulaya miaka ya 1960, ukashika kasi Marekani muongo uliofuata, na mwaka 1974 ikaanzishwa RCI, inayowaunganisha wenye wiki wabadilishane sehemu za kwenda. Siku hizi kampuni nyingi huuza pointi, yaani alama unazozitumia kulipia siku za kulala. Bei kwa kampuni huko Marekani ni wastani wa zaidi ya dola 20,000, na juu yake kuna ada ya matunzo ya kila mwaka, wastani wa zaidi ya dola 1,000, ambayo utailipa usafiri usisafiri.

Shida inaanza siku unapotaka kutoka. Wiki iliyonunuliwa kwa maelfu ya dola inatangazwa kwa dola 1 na inakosa mtu, maana anayeichukua anajitwisha ada yake. Sehemu kubwa ya ile bei ya kwanza ilikuwa gharama ya kukupata wewe mteja: zawadi, kifungua kinywa cha bure, kamisheni ya muuzaji. Fedha hiyo ilishaliwa siku uliyosaini.

Sasa tuitazame barua. Shemeji alinunua kwa dola 18,000 na amemaliza deni. Kampuni inasema itamhesabia zote 18,000, senti haipotei, kwenye kifurushi cha pointi cha dola 41,000. Ukisoma ukurasa wa kwanza utaona ni wema mkubwa: wiki isiyouzika hata kwa dola 1 inapewa thamani ya 18,000! Ukurasa wa tatu, kwa maandishi madogo, ndio wenye habari. Zile 23,000 zinazobaki anakopeshwa na kampuni hiyohiyo kwa riba ya asilimia 15 kwa miaka 10. Nimepiga hesabu na kuirudia: ni kama dola 371 kila mwezi, na hadi amalize atakuwa amelipa zaidi ya dola 44,000. Ada ya matunzo iko palepale, tena ya pointi ni kubwa kuliko ile ya wiki.

Kampuni inapata nini? Inapata mauzo mapya, inapata riba, na inapata ile wiki ya zamani bila kujenga hata ukuta mmoja, kisha inaiuza upya kwa bei kamili. Tena inapunguza idadi ya wanaochoka na kuacha kulipa ada. Mimi siuoni ubaya wa kampuni kupata faida. Ninachokipinga ni kuuita mpango huu msaada kwa mwenye wiki wakati mlango pekee unaofunguliwa ni wa kuingia ndani zaidi.

Msimamo wangu: kubadilishana wiki ya zamani kwa kifurushi kipya kutamfaa mwenye wiki pale tu anapokuwa pia na haki ya kurudisha na kuondoka, bila kununua chochote. Akiwa na njia hizo mbili, kampuni italazimika kumpa bei nzuri ili abaki. Akiwa na moja, hana cha kujadili. Karibuni.

Meneja wa kambi, Ruaha

Mkuu, nimekusoma, lakini umeiangalia kwa jicho la mnunuzi tu. Fedha ya wateja imeshaingia kwenye saruji, bati, sola na kisima. Ukisema kila mtu arudishe anapotaka, mwaka mmoja mbaya kama ule wa korona wote watarudi kwa mpigo na kampuni inafilisika, na hapo hata wasiorudisha wanapoteza.

Kingine ambacho hujakigusa ni msimu. Kwetu Agosti mto umekauka, wanyama wote wanafuata vidimbwi vya Ruaha Mkuu, na vyumba havitoshi. Aprili barabara ni tope, nyasi ndefu, na kambi kadhaa zinafunga kabisa. Wiki ya Agosti na wiki ya Aprili si bidhaa moja. Ukiweka mpango wa kurudisha, nani atarudisha Agosti? Kampuni itarundikiwa za Aprili, na ada za vyumba hivyo itazilipa yenyewe. Mpango wa kubadilishana kwa kuongeza fedha unalinda biashara, na biashara ikisimama mwenye wiki ana mahali pa kulala.

Mdau wa Mafinga

Hapa Mufindi tuna watu wengi wa Dar na Mbeya walionunua ekari za misindano. Inahitaji uvumilivu, miaka 15 na zaidi mpaka mbao. Katikati mtu akiuguliwa au ada ya shule ikimbana, anauza miti michanga ikiwa imesimama. Atapata bei ya chini, ndiyo, lakini mnunuzi yupo, kwa kuwa mti unakua na kila mwaka una thamani zaidi. Wiki ya hoteli haikui. Kwa hiyo asije mtu kuiuza huku kwa jina la uwekezaji. Anayeitaka aichukue kama matumizi, sawa na kulipia likizo mapema, na bei iendane na hilo. Kwa mtazamo huo hata suala la kubadilishana linakuwa dogo.

Mama wa Tukuyu

Mwanangu, mwambie shemeji yako asisaini. Na mwambie jambo jingine ambalo naona hamlisemi: wale wanaopiga simu kwamba wamepata mnunuzi wa wiki yako, utangulize ada ya kodi na ya karatasi. Binti yangu aliye huko aliniambia wazee wa kanisani kwao wametapeliwa hivyo. Mtu aliyekata tamaa ya kutoka ndiye windo lao. Kampuni ikiwa na njia safi ya kupokea wiki zake, matapeli hawa watakosa wa kumdanganya. Kwangu hiyo ndiyo faida ya kwanza.

Mwanasheria, Mbeya mjini

Mama kasema kweli kabisa. Mwaka 2023 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo watu na kampuni za Puerto Vallarta, Mexico, kwa utapeli wa namna hiyohiyo uliohusishwa na CJNG, genge la dawa za kulevya la hukohuko Mexico. Si matapeli wa mtaani hao.

Kwa upande wa sheria, wenzetu walishapita njia hii. Umoja wa Ulaya, kwa maagizo ya mwaka 2008, unampa mnunuzi siku 14 za kujiondoa bila kutoa sababu, na katika siku hizo ni marufuku kumpokea hata malipo ya awali. Florida wanampa siku 10. Hispania walikwenda mbali zaidi: sheria yao ya 1998 iliweka ukomo wa miaka 50, na Januari 2015 Mahakama yao ya Juu kabisa ikabatilisha mkataba usiokuwa na mwisho. Hapo ndipo ningemrekebisha kidogo mleta mada. Badala ya kupigania haki ya kurudisha wakati wowote, jambo ambalo meneja ameonyesha ugumu wake, pigania mkataba wenye tarehe ya kwisha.

Mfano uko hapohapo Orlando. Klabu ya likizo ya Disney ilianza mwaka 1991, na mikataba yake ya mwanzo inaisha 2042. Tena mwenye pointi akipata mnunuzi wa nje, Disney ina haki ya kuzinunua yenyewe kwanza kwa bei hiyohiyo. Ndiyo maana pointi zao zinauzika kwa bei ya maana mkononi mwa mtu wa pili, wakati za wengine zinagawiwa bure. Kampuni inayojua itakutana tena na bidhaa yake sokoni inajali thamani yake.

Hapa nyumbani tuna Sheria ya Ushindani ya 2003 inayokataza kumpotosha mlaji, na Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Jengo ya 2008. Anayetaka kununua wiki ya Matema amuulize muuzaji: hati ya kiwanja ina jina la nani, na akifa au akifilisika, wiki yangu itadaiwa kwa nani?

Mleta mada

Ahsanteni sana. Meneja, hoja ya Aprili imenikaa. Ila nayo inaleta swali kwako: kama kampuni yenyewe inajua wiki ya Aprili ni mzigo, kwa nini iliiuza? Mama mmoja wa Makambako akilipa akiba yake kwa wiki ambayo gari haifiki, kampuni haiwezi kesho kusema haiitaki kwa kuwa haina thamani. Aprili isiuzwe kabisa, itumike kwa ukarabati.

Kuhusu wote kurudi kwa mpigo, huo mlango unaweza kuwa na utaratibu. Kampuni ipokee idadi fulani kwa mwaka, kwa foleni, kutoka kwa waliomaliza deni na wasiodaiwa ada. Wala si ndoto: Wyndham, wakubwa kabisa katika biashara hii, wana utaratibu wa kupokea wiki za waliomaliza kulipa, na hawajaanguka. Anayerudisha hapewi fedha. Anachopata ni kupumzika na ada, na kwa mtu aliyestaafu hilo ni jambo kubwa sana.

Mwanasheria, tarehe ya kwisha nakubaliana nawe moja kwa moja kwa mikataba itakayoandikwa. Lakini shemeji yangu na wengine kama yeye tayari wamo ndani ya ile isiyokwisha, na hao wanahitaji mlango leo.

Dada nimeshamjibu. Shemeji asichukue zile pointi. Aiandikie kampuni barua kuuliza kama inapokea wiki iliyolipiwa bila kununua nyingine, na jibu alipate kwa maandishi, si kwa simu. Asimlipe mtu yeyote wa katikati.

Na wale wa Matema na wa njia ya Ruaha, mkija kuniuliza kama wageni wangu watanunua wiki, nitaomba kwanza niuone mkataba, nianze na ukurasa unaoeleza mtu anatokaje.

Meneja wa kambi, Ruaha

Foleni yenye kikomo naweza kuibeba. Aprili kutoiuza itapandisha bei ya wiki nyingine zote, hilo wateja wako walijue mapema.