Naomba ushauri: mechi gani ya Ulaya inafundisha vizuri mabadiliko ya mapumziko?

KochaU17: Wakuu, habari za jioni. Vijana wangu wanacheza 4-4-2 (mabeki wanne, viungo wanne, washambuliaji wawili), na kila tukikutana na timu yenye namba 10 (kiungo mshambuliaji) anayezurura nyuma ya viungo wetu wawili, tunapigwa katikati. Nataka mechi kubwa ambayo kocha aliliona tatizo hilo akalitibu. Darasa ni saa moja tu.

NambaSita: Kocha, chukua fainali ya Ligi ya Mabingwa, Liverpool na Milan, Istanbul, 25 Mei 2005. Tatizo lako limo lilivyo. Kipindi cha kwanza Liverpool wana Gerrard na Alonso katikati. Milan wana almasi: Pirlo chini, Gattuso na Seedorf kila upande, Kaká juu. Wawili wanakaba wanne! Simamisha video kwenye bao la tatu, dakika ya 44: Kaká anapokea, anageuka, anachomeka pasi ndefu katikati ya mabeki, mshambuliaji Crespo anambetulia kipa Dudek. Waulize vijana nani alipaswa kuwa kwenye lile eneo.

Baada ya mapumziko kocha wa Liverpool, Benítez, anamtoa Finnan, beki wa kulia, anaingia Hamann, kiungo mkabaji. Nyuma wanabaki Carragher, Hyypiä na Traoré. Hamann anakaa pale pale Kaká alipokuwa akijinafasi, na Gerrard anapata ruhusa ya kupanda. Dakika ya 54 Gerrard kichwa, ya 56 Šmicer kwa shuti la mbali, ya 60 Alonso anamalizia baada ya kipa wa Milan, Dida, kupangua penalti yake. 3-3.

KonaFupi: Sahihi kabisa, ila usizime dakika ya 60. Beki tatu zinaacha pembeni wazi, na aliyekuwa akilinda kulia ni Šmicer, ambaye si beki. Kocha wa Milan, Ancelotti, akamwingiza Serginho dakika ya 86 ashambulie upande huohuo. Ikabidi Gerrard arudi kucheza beki wa kulia, na akakimbizana na Serginho hadi mwisho wa dakika 120. Kwa hiyo kama mawinga wako hawana pumzi ya kupanda na kushuka, achana na beki tatu. Toa mshambuliaji mmoja, ongeza kiungo mkabaji, mabeki wanne wabaki.

UbaoWaMbinu: Akitaka beki tatu zilizopangwa tangu mwanzo, aangalie Roma 3-0 Barcelona, 10 Aprili 2018. Mkondo wa kwanza Roma walifungwa 4-1, De Rossi na Manolas wakijifunga. Kwenye marudiano Florenzi na Kolarov walikaa juu pembeni, presha ikaanzia kwa mabeki wa Barcelona. Dakika ya 6 tu, mpira mrefu wa De Rossi ukamkuta Džeko, akafunga. Penalti akafunga De Rossi, la tatu Manolas kwa kichwa kutoka kona. Hao hao wawili!

KochaU17: Asanteni sana. Naanza na Istanbul. Saa moja niigawe vipi?

NambaSita: Dakika ya 35 hadi 45, kisha 46 hadi 60, kisha 86 hadi 96. Hiyo ni kama nusu saa na ushee, inayobaki ni ya maswali na ubao. Pakua mechi nzima mapema, usitumie vipande vya mabao: vinakata zile dakika zisizo na shuti, na kazi ya Hamann iko humo. Mpe kijana mmoja amfuate Hamann peke yake, mwingine Kaká, kila mmoja aandike mchezaji wake alikuwa umbali gani na yule mwingine Pirlo alipogusa mpira.

KonaFupi: Na zima sauti ya mtangazaji, vijana wataangalia mpira tu kila akipandisha sauti.