Nina ukumbi, projekta na jioni moja tu: niwaonyeshe vijana pambano gani?

KonaYaBuluu (mleta uzi)

Wazee, habari za jioni. Naomba ushauri. Najua humu kuna wajuzi wa ndondi na kuna wale wa kubishana tu, wote karibuni.

Mimi ni msaidizi wa kocha kwenye klabu ndogo ya mtaa hapa Eastlands. Vijana wetu ni wa miaka 15 hadi 19, wasichana wachache wamo, na mwisho wa mwezi wengi wao wanapanda ulingoni kwa mashindano kwa mara ya kwanza. Tumeazimwa projekta ya kanisa Ijumaa hii. Mwenye funguo za ukumbi hufunga saa tatu usiku kamili na hana mchezo, kwa hiyo ukitoa muda wa kupanga viti na kutafuta ekstensheni ya stima tunabaki na saa moja. Nataka wakae waangalie pambano zima, si vipande: bingwa wa zamani kwenye ushindi wake mkubwa kuliko wote.

Kocha mkuu anasema hakuna cha kujadili, ni Muhammad Ali na George Foreman. Mimi nasita. Kila kijana ameshaona vipande vyake kwenye simu, mwisho anaujua, atakaa pale akipiga soga. Nilikuwa nafikiria Marvin Hagler na Thomas Hearns, 1985, raundi 3 za moto mtupu, ila kocha anasema nikiwaonyesha ile, Jumatatu watakuja mazoezini wakirusha mikono kama waliopakwa pilipili na hakuna atakayekumbuka kujikinga. Hapo ana hoja.

Swali basi: kwenu ushindi mkubwa kabisa wa bingwa ni upi, na ni upi unaomfaa kijana wa namna hii?

MzeeWaRedio

Kijana, msikilize mkubwa wako. Tarehe 30 Oktoba 1974. Kinshasa, Zaire (Kongo ya leo), ilikuwa saa kumi alfajiri, hapa Nairobi saa kumi na mbili asubuhi, watu wanakimbilia basi. Waliwapandisha ulingoni saa hiyo ya wachawi ili Mmarekani kwake iwe jioni na alipe kiingilio.

Sasa tazama nani alikuwa upande wa pili. Foreman ana miaka 25, mapambano 40, ameshinda yote 40, na 37 kati ya hayo watu walibebwa. Joe Frazier aliangushwa naye mara 6 ndani ya raundi 2 kule Kingston. Ken Norton, raundi 2. Hao wawili ndio waliokuwa wamempiga Ali! Ali mwenyewe ana 32, na miaka yake mizuri kabisa aliimalizia nje ya ulingo baada ya kukataa jeshi. Hata kambi yake ilikuwa na hofu. Raundi ya 8, jitu liko sakafuni. Mengine yote ni porojo.

MakofiYaMbele

Mzee, heshima yako, na kwa ukubwa wa ushindi sikupingi. Nakupinga kwa darasa.

Nimecheza ridhaa miaka yangu yote. Hawa watoto wanapigana raundi 3. Ali alikaa kambani raundi nzima nzima akimwacha Foreman amalize petroli, kwa sababu pambano lilikuwa la raundi 15 na alijua yule bwana hajazoea kufika hata ya 5. Mtoto wako akijibanza kambani kungoja mwenzake achoke, kengele ya mwisho italia mwenzake hajaanza hata kuhema, na majaji wameshaandika. Halafu mtazame Ali vizuri kila wakishikana: mkono uko shingoni kwa Foreman, anamkandamiza chini na kumlalia. Jaribu hiyo mbele ya refa wa ridhaa uone utapewa maonyo mangapi.

Kitu cha kuiba pale ni raundi ya 1, ambayo hakuna anayeizungumzia. Ali alianza na mkono wa kulia moja kwa moja, bila kutanguliza wa kushoto. Kwa bingwa ile ni dharau, maana mkono wa kulia unatoka mbali na mtu anauona. Aliupata uso wa Foreman nao tena na tena. Kamba zilikuja baadaye, alipoona miguu haitamfikisha.

NambaHaziongopi

Buster Douglas, Tokyo, Februari 1990. Kamari zilikuwa 42 kwa 1. Mike Tyson, bingwa wa dunia, mapambano 37 bila kupigwa. Mama yake Douglas amekufa wiki chache kabla. Anaangushwa raundi ya 8, anainuka, raundi ya 10 anammaliza Tyson. Kama kuna ushindi mkubwa kuliko huo niambieni.

DukaLaKona

@NambaHaziongopi ushindi mkubwa wa siku moja. Oktoba mwaka huohuo Evander Holyfield alimlaza Douglas raundi ya 3, Douglas akiwa amenenepa. Mleta uzi kaomba bingwa.

MakofiYaMbele

Siko na Douglas, lakini KonaYaBuluu, kama ni somo la watu wa kona, ile ya Tokyo iangalie wewe na kocha mkuu peke yenu. Jicho la Tyson linafumba, na kona yake haikuja na kile chuma baridi cha kukandamizia uvimbe. Wakajaza maji baridi kwenye glavu ya mpira, zile za madaktari, wakawa wanamwekea jichoni. Bingwa wa dunia! Nimekumbuka ile kila ninapopanga ndoo yangu.

MwanaTanga_1

Mkuu mleta uzi, mbona mnaruka mpaka Tokyo? Hassan Mwakinyo, Birmingham, Septemba 2018, kamsimamisha Sam Eggington raundi ya 2, nyumbani kwao Mwingereza. Vijana wamwone mtu anayeongea lugha yao.

DukaLaKona

Mkuu, karibu Nairobi. Uzi ni wa mabingwa wa zamani. Mwakinyo bado anatafuta mapato yake.

MwanaTanga_1

Haya, nimewasamehe. Ila mtarudi hapa hapa.

ZamaZaGhana

Nimesoma nikaona watu wanapima ushindi kwa jina la aliyepigwa. Jina peke yake halitoshi. Larry Holmes alimpiga Ali mwaka 1980, nani anautaja? Ali alikuwa na miaka 38 na mwili umeisha. Marciano alimpiga Joe Louis 1951, na Louis alirudi ulingoni kwa sababu ya deni la kodi. Majina mawili makubwa kuliko yote, na ushindi ambao washindi wenyewe hawakuufurahia. Mimi huuliza: aliyepigwa alikuwa na hali gani usiku ule, pambano lilikuwa nyumbani kwa nani, na mshindi alikuwa amebanwa kiasi gani kabla ya kushinda.

Kwa kipimo hicho, wangu ni Azumah Nelson wa Ghana.

Anza nyuma kidogo. Julai 1982 Azumah anaitwa New York dakika za mwisho kuziba pengo dhidi ya Salvador Sánchez. Hakuna anayemjua. Anapigana mpaka raundi ya 15 ndipo anasimamishwa, na wiki chache baadaye Sánchez anafariki kwenye ajali ya gari. Desemba 1984 anakwenda San Juan, nyumbani kwa Wilfredo Gómez, yuko nyuma kwa pointi, raundi ya 11 anamlaza na kuchukua mkanda wa WBC (Baraza la Ndondi la Dunia) wa uzani wa unyoya. Wengi wangeweka huo kuwa ndio mkubwa wake. Mimi hapana.

Juni 1991, Las Vegas, anakutana na Jeff Fenech wa Australia. Fenech ameshakuwa bingwa wa uzani tatu na hajapigwa na mtu. Ni mtu wa kuja tu: kichwa kifuani, ngumi za mbavu, hakupi nafasi ya kunyoosha mkono. Alimsukuma Azumah usiku mzima. Majaji wakatoa sare na ukumbi ukazomea. Azumah alisema baadaye kwamba alikuwa na malaria. Unaweza kumwamini au usimwamini, lakini hata WBC wenyewe mwaka 2022 waliamua lile pambano la kwanza lilikuwa la Fenech.

Sasa marudiano. Machi 1992, Melbourne, uwanja wa mpira, hewa wazi, watu karibu wote ni wa Fenech. Azumah ana miaka 33. Kila mtu anaandika kwamba mzee anakwenda kuchukua pesa ya kustaafia. Raundi ya 1 Fenech yuko chini. Raundi ya 2 yuko chini tena. Raundi ya 8 refa anasimamisha. Mtu yuleyule, mtindo uleule, miezi michache tu imepita, na safari hii Azumah hakumwachia nafasi ya kuingia kifuani bure. Kila alipoingia alilipia.

KonaYaBuluu, hiyo ndiyo ya vijana. Waonyeshe dakika kumi za Las Vegas kwanza, halafu Melbourne yote. Raundi 8 pamoja na mapumziko ni kama nusu saa. Waulize wao: amebadilisha nini?

KonaYaBuluu

@ZamaZaGhana aisee. Nilikuwa namjua Azumah kwa jina tu, haya ya marudiano sikuwa nayo. Ngoja nione wengine wanasemaje. Sugar Ray Leonard na Hearns 1981 je? Kuna mtu amenitumia ujumbe wa pembeni akiipigia debe.

MakofiYaMbele

Ni pambano tamu sana. Leonard jicho la kushoto limevimba, yuko nyuma kwa majaji wote watatu, kocha wake Angelo Dundee anamwambia kwenye kona kwamba anapoteza, anatoka raundi ya 13 mtu mwingine kabisa na kuimaliza ya 14. Lakini piga hesabu: raundi 14 ni karibu saa moja. Mwenye funguo atawazimia taa wakiwa raundi ya 12 na mtakuwa mmeona pambano ambalo Hearns ameshinda.

MamaGlavu

Nimesubiri mtu amtaje mwanamke na naona giza litaingia. Kaka umesema una wasichana. Fatuma Zarika alikwenda Flint, Michigan, Oktoba 2016, akampiga Alicia Ashley kwa pointi, majaji wamegawanyika, na akarudi Nairobi na mkanda wa WBC. Raundi 10 za dakika 2, dakika 29 pamoja na mapumziko. Wasichana wako wanaweza kukutana naye mjini. Azumah watamwona kwenye ukuta tu.

La pili, jamani, Wangila. Mmezunguka Zaire, Japani na Australia na hakuna aliyefika Seoul? Robert Wangila, Olimpiki ya 1988, uzani wa welta, fainali na Mfaransa Laurent Boudouani, KO (alimlaza asiendelee) raundi ya 2. Ndiyo dhahabu pekee ya ndondi Kenya imewahi kupata. Na yule Boudouani hakuwa wa kuokota: miaka ya 90 akawa bingwa wa dunia wa WBA, chama kingine cha ndondi za kulipwa. Wamevaa kofia za kujikinga, raundi 3, ndondi za ridhaa kama watakazopigana watoto wako. Pambano lote halifiki dakika 7.

MzeeWaRedio

Wangila ndiyo, mama. Lakini watoto watauliza aliishia wapi.

MamaGlavu

Waulize, na waambiwe. Alikwenda kulipwa Marekani, Julai 1994 akapigana Las Vegas, refa akasimamisha, yeye akalalamika kwamba angeweza kuendelea. Akapoteza fahamu baada ya pambano na akafariki. Mwanangu anacheza ndondi na nimemwambia hayo yote. Refa akisema basi, ni basi, hata kama wewe unajisikia mzima. Ni afadhali walisikie kwa kocha kuliko walisome usiku kwenye simu peke yao.

DukaLaKona

Mimi ningeweka dhahabu peke yake siku hiyo, hayo mengine siku nyingine. Mtoto anapanda ulingoni baada ya wiki mbili tatu, wewe unamwekea jeneza mbele.

MamaGlavu

Sijasema aweke jeneza. Nimesema wakiuliza, asidanganye.

KonaYaBuluu

Nimeongea na kocha mkuu kwa simu sasa hivi. Tumekubaliana hivi: Wangila kwanza, watulie na waone mtu wa kwao. Kisha kipande cha Las Vegas na Melbourne yote. Wakiuliza ya 1994 kocha mkuu atajibu yeye, amesema ana namna ya kulisema. Zarika nitawatafutia wasichana Jumamosi kwenye laptopu yangu, na wavulana wakitaka waje pia. @MzeeWaRedio, Kinshasa sijaitupa, raundi ya 1 nitawaonyesha tukipewa projekta tena.

Tatizo moja: Melbourne niliyopata imekatwakatwa, raundi ya 4 na ya 5 hazimo. Nani anayo kamili?

ZamaZaGhana

Ninayo kwenye flashi, raundi zote. Niko Kariokor kesho mpaka saa kumi na moja jioni. Nitumie ujumbe wa pembeni, na uje na flashi yako, yangu haitoki.

MzeeWaRedio

Raundi ya 1 peke yake? Unawaonyesha mtu anaingia Kinshasa na humwonyeshi akitoka? Nitakuja mwenyewe siku hiyo na nitakaa karibu na hiyo projekta.

MakofiYaMbele

Mzee, njoo na ekstensheni.