Kurekodi vipindi vya televisheni kwenye memori kadi ili kuvitazama kwenye kishikwambi: naomba ushauri

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. King'amuzi changu kina tundu la USB na kitufe cha kurekodi kwenye rimoti, nami huchomeka memori kadi ya GB 64 kupitia kisomea kadi ili vipindi vya usiku wa manane nivitazame kesho yake nikiwa safarini. Kurekodi hakuna shida. Shida huanza kadi inapohamia kwenye kishikwambi: kipindi cha saa mbili hukatwa vipande viwili, vipande vyenyewe vina picha lakini havina sauti, na vile vya chaneli za kulipia havifunguki kabisa, ingawa kadi ikirudishwa kwenye king'amuzi vyote vinaonekana vizuri. Je, ninunue kadi yenye kasi zaidi, au tatizo liko kwingine? Kompyuta ninayo, ila ni ya zamani.

Fundi wa Zamu

Mkuu, kadi yako haina kosa, na fedha ya kadi nyingine baki nayo. Chaneli ya picha angavu (HD) inayorushwa kwa megabiti 8 kwa sekunde huandika megabaiti 1 tu kila sekunde, yaani GB 3.6 kwa saa, wakati hata kadi ya daraja la 4 huhakikisha megabaiti 4 kwa sekunde. Kasi kubwa utaifaidi unaponakili mafaili kwenda kwenye kompyuta, si wakati wa kurekodi.

Kukatwa kwa kipindi kunatokana na namna kadi ilivyofomatiwa. Kadi za kuanzia GB 64 hutoka kiwandani zikiwa na mfumo wa kupanga mafaili uitwao exFAT, lakini ving'amuzi vingi havisomi mfumo huo, hivyo hukutaka uifomati upya kwa FAT32, ambao hauruhusu faili moja kufikia GB 4. Kwa hesabu ya hapo juu, saa mbili ni GB 7.2, vipande viwili, kama ulivyoeleza. Tazama kwenye menyu ya king'amuzi kama kinakubali exFAT au mfumo mwingine uitwao NTFS. Kisipokubali, si jambo la kukuhangaisha, kwa sababu vipande hivyo ni mkondo mmoja uliokatwa katikati na huunganishwa kwa mpangilio wake bila picha kupoteza chochote.

Kuhusu sauti, nashuku imerushwa kwa mfumo wa AC-3, ambao programu za video zinazokuja na vishikwambi vingi haziufahamu. Weka VLC, programu ya bure ya kuchezea video, kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Mpenda Sheria

Naongezea kuhusu chaneli za kulipia. King'amuzi hufungua msimbo ili wewe utazame, lakini kinapohifadhi kipindi hukifunga kwa ufunguo unaobaki ndani ya kifaa hichohicho, na ndiyo maana hata king'amuzi kingine cha aina ileile huenda kisikifungue. Kurekodi kupitia waya wa HDMI nako kumezibwa kwa kinga ya HDCP, inayozuia kunakili picha inayopita kwenye waya huo. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1984, katika shauri la Sony na Universal, kwamba mtu kurekodi kipindi nyumbani ili akitazame baadaye si kuvunja hakimiliki. Kuvunja kufuli la kidijitali, hata hivyo, ni suala jingine, na sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi. Kwa chaneli hizo, uliza kama mtoa huduma wako ana programu ya simu inayoruhusu kupakua vipindi.

Mleta uzi

Nawashukuru sana. VLC imerudisha sauti. Limebaki hili: vitu vinavyokwenda kasi, hasa mpira, vinaonyesha mistari kama meno ya kitana, na mafaili ni makubwa mno kwa kishikwambi.

Fundi wa Zamu

Mistari hiyo hutokea kwa sababu matangazo mengi hurushwa kwa nusu-picha zinazopishana, mistari ya shufwa na ya witiri, ambazo televisheni huziunganisha yenyewe. VLC ina mpangilio wa kuziunganisha, lakini kwa kuwa unataka pia kupunguza ukubwa, maliza yote kwa HandBrake, programu ya bure ya kompyuta ya kubadili mafaili ya video: chagua faili la MP4, picha ya H.264 na sauti ya AAC, washa kichujio cha kuondoa mistari, kisha shusha picha hadi mistari 720. Ukifikia wastani wa megabiti 2 kwa sekunde, saa moja itachukua takriban GB 0.9, na kadi yako itabeba zaidi ya saa 60. Kompyuta ya zamani inaweza kutumia muda mrefu kuliko kipindi chenyewe, kwa hiyo iache ifanye kazi usiku.

Msomaji Mkimya

Fundi amesema kadi haina kosa. Hapo nakubali nusu. Ving'amuzi vingi vina huduma ya kusimamisha kwa muda kipindi kinachoendelea kurushwa (timeshift), nayo ikiwa imewashwa huandika kwenye kadi muda wote televisheni inapowaka, hata kama hukubonyeza kitufe cha kurekodi. Seli za kadi huchakaa kadiri zinavyoandikwa, kwa hiyo izime kwenye menyu, au tumia diski kuu ndogo kurekodia na kadi ibaki ya kubebea mafaili yaliyokwisha kupunguzwa. Vilevile ipime kadi kwa programu ya H2testw kabla ya kuiamini, kwani kadi bandia hujitangaza kuwa na GB 64 huku zikihifadhi sehemu ndogo tu, na vipindi vya mwisho huharibika bila onyo lolote. Na umeme ukikatika katikati ya kurekodi, usilifute faili: mkondo wa TS, aina ya faili ambayo ving'amuzi hurekodia, huchezeka hadi pale ulipokomea, tofauti na MP4, ambayo kwa kawaida huandika faharasa yake mwishoni.

Mleta uzi

Huduma hiyo ilikuwa imewashwa, nimeizima. H2testw inaendelea kupima kadi sasa hivi.