MREJESHO: Shemeji aliyetakiwa kusafishwa damu baada ya kunywa gongo

Wakuu, wiki iliyopita niliuliza kuhusu shemeji yangu, mvuvi wa Igombe hapa Mwanza. Alikunywa gongo, kesho yake akaamka anaona ukungu mweupe na kuhema kwa kasi. Daktari akataka asafishwe damu kwa mashine, ile ya wagonjwa wa figo, mama mkwe akagoma: "Figo zake nzima, mashine ya nini?"

Mama mkwe alikubali usiku uleule, baada ya kueleweshwa. Gongo lile lilikuwa na methanoli, aina ya alkoholi yenye sumu. Ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo ndiyo inayoharibu neva ya macho. Mashine huchuja methanoli na asidi hiyo, hata figo zikiwa nzima. Shemeji alipewa pia dawa ya kulizuia ini lisiendelee kuigeuza methanoli. Mpira wa kupitishia damu kwenda kwenye mashine wakamwekea shingoni (mimi nilitoka nje, sina roho hiyo).

Mdau aliyesema mashine hutoa kila sumu, nilimuuliza daktari: hapana. Aliyekunywa dawa ya wadudu wa pamba, zile za jamii ya oganofosfeti, tegemeo ni dawa iitwayo atropini.

Shemeji yuko nyumbani. Jicho la kushoto bado hafifu. Mtumbwi kamwachia mdogo wake kwanza.