Maonyesho ya sanaa London: nianzie wapi?

Kutoka: Dada wa Reading

Hamjambo ndugu. Watoto wamekua, Jumamosi zangu sasa ni zangu. Nataka kuingia maonyesho ya sanaa ya siku hizi, si yale ya wafalme waliovaa wigi. Nianzie wapi? Na je, mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kununua kazi halisi, si bango la dukani?

Kutoka: Lewisham

Karibu dada. Fuata wasanii wa chapa, maswali yote mawili yatajijibu. Mchoro wa rangi ya mafuta ni mmoja, na bei yake ni ya wenye nazo. Msanii wa chapa anachonga ubao au lino (kama lile la kutandika sakafuni), au anakwaruza bamba la shaba na kuliachia asidi ilile, kisha anapaka wino na kupiga nakala kwa mkono, tuseme 30. Zote 30 ni kazi halisi, ndiyo maana bei inashuka.

Anza Bankside Gallery, ubavuni mwa makumbusho ya Tate Modern. Kuingia bure. Ndiyo makao ya chama cha wasanii wa chapa kilichoanzishwa mwaka 1880. Usiishie ukutani: chapa zisizo na fremu zimepangwa kwenye masanduku, pekua kama unavyopekua mitumba. Kiangazi nenda Royal Academy, Piccadilly. Maonyesho yao ya kiangazi hayajakatika hata mwaka mmoja tangu 1769. Tiketi inauma kidogo, lakini tazama vidoti vyekundu: mchoro uliouzwa una kimoja, chapa utaikuta na msururu mzima, kila kidoti nakala moja iliyopata mwenyewe. Msimu wa vuli kuna maonyesho ya chapa Woolwich.

Kabla hujatoa kadi ya benki, soma ukingo wa chini. Utaona penseli: 7/30 (nakala ya 7 kati ya 30), pengine jina la kazi, halafu sahihi. Nambari 1 si bora kuliko 30, usiuziwe hadithi hiyo. Kwa kazi za siku hizi, kama sahihi imechapwa pamoja na picha, mara nyingi hiyo ni picha ya picha. Chapa ya bamba la shaba huacha bonyeo kuzunguka picha, maana bamba limekandamizwa kwenye karatasi mbichi. Inamisha kichwa, mwanga ukipiga kwa upande utaliona. Na ukikuta neno “giclée”, jua imetoka kwenye printa ya kompyuta. Si dhambi, ila usilipie bei ya chapa ya mkono.

Kutoka: Milton Keynes

Nitoe, tuseme, pauni 200 kwa karatasi? Mimi hizo ni mifuko ya saruji, nyumba ya Kibaha inasubiri lenta.

Kutoka: Lewisham

Saruji nunua kaka, nani kakukataza? Lakini tafuta kazi za Fred Mutebi wa Uganda uone “karatasi” yenyewe. Rangi zote zinatoka kwenye ubao mmoja. Anachonga kidogo, anapiga rangi ya kwanza kwenye karatasi zote. Anarudi kuchonga ubao uleule, anapiga rangi ya pili juu ya ile ya kwanza. Hivyo hivyo mpaka mwisho, na kila safari ubao unazidi kuliwa. Akimaliza, hakuna wa kurudia. Hata ukimpa fedha zote za Kibaha hawezi kukupigia nyingine. Mkono ukiteleza katika rangi ya tano, mzigo wote umeharibika.

Kwa wasio na fedha taslimu, kuna mpango wa Own Art katika galari nyingi za Uingereza: unalipa kwa miezi 10 bila riba. Ni mkopo, kwa hiyo wanapekua rekodi yako kwanza. Kwa sisi tunaokwepa riba, huo ni mlango mzuri.

Kutoka: Mzee wa Coventry

Wanangu, msiisahau Dar. Nyumba ya Sanaa pale Upanga ilikuwa na mashine ya chapa, na George Lilanga, huyu mnayemjua kwa mashetani yake ya rangi, alipiga chapa pia. Robino Ntila naye.

Jambo jingine, na hili ni bure kabisa. British Museum wana chumba cha kusomea chapa na michoro. Unaandika mapema kuomba nafasi na kutaja unachotaka kuona. Huhitaji kuwa profesa. Penseli tu, kalamu ya wino hairuhusiwi. Wanakuletea boksi mezani. Nimekaa na chapa ya Rembrandt, yule msanii Mholanzi wa kale, mbele yangu, hakuna kioo, hakuna wa kunisukuma, nahesabu mikwaruzo ya sindano kwenye kivuli cha kofia. Ombeni na za Waafrika. Wasipoombwa watajuaje kama tunazitaka?

Kutoka: Dada wa Reading

Shikamoo mzee, asante sana. Naandika leo leo. Swali la mwisho: nikinunua isiyo na fremu, naipeleka kwa fundi yeyote?

Kutoka: Lewisham

Yeyote, ila mwambie kadibodi zote zinazogusa karatasi ziwe zisizo na asidi, na asigundishe chapa kwa gundi wala selotepu. Aishike juu tu kwa vibanzi vya karatasi. Kioo kisigusane na wino. Usikubali aikate kingo ili iingie kwenye fremu, thamani itakwenda na zile kingo. Nyumbani usiitundike juu ya redieta wala mkabala na dirisha la jua. Fremu yaweza kukugharimu karibu sawa na chapa, kwa hiyo ulizia bei kabla.